Bibi Evarista wa Igawa, Msikilizaji Wangu Namba Moja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Leo kikao. Vikao sivipendi. Watu wanaongea kwa zamu, halafu mwenye sauti nzuri kuliko wote – yaani mimi – anaambiwa asubiri.

Madam Faustina, bosi wetu hapa Redio Kilele, redio ya chuo, kaingia na lile koti lake la kijani. Baridi ya Iringa mwezi huu haina adabu. Kasema kipindi changu cha salamu hakina watu. Kipindi changu! Kinachosikika kuanzia hapa mpaka Mbalizi, mawingu yakikaa vizuri! Eti wiki nzima zimeingia meseji mbili, na moja ni ya mtu aliyekosea namba, anauliza kama mtungi wake wa gesi umefika. Ni kweli. Niliisoma hewani nikamtakia upishi mwema. Huo ni ubunifu, lakini nani wa kuuona?

Hukumu ni hii: mpaka mwisho wa mwezi, salamu zisipoongezeka, saa yangu anapewa Dokta Saulo wa kilimo. Kipindi chake kinaitwa Udongo Wetu. Saa nzima ya udongo! Dokta katabasamu kama mtu aliyekwisha kupimiwa suti ya harusi.

Mimi niliishia kidato cha pili. Wenzangu wote studio ni wanafunzi wa digrii. Mimi ndiye mtu wa nafasi ya jamii, ya kujitolea, niliyewabwaga watu kibao kwenye usaili kwa koo hili hili. Nikitoka hapo narudi Mlandege kwa mjomba Ezekia kuosha bodaboda. Bodaboda haina masikio. Ukiiambia "karibu msikilizaji" inadondosha matope tu.


Jumatano, 5 Juni

Nimefanya kitu. Sijui ni kibaya au ni kipaji.

Nimefungua kipindi kwa mbwembwe zote. Simu ya studio – kimya. Nikapiga wimbo. Kimya. Nikapiga mwingine. Devota, anayekaa kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye ulimi wa wembe, akanionyesha kioo cha simu kupitia dirisha. Kitupu kama kichwa cha Dokta Saulo.

Basi mdomo ukaanza wenyewe. Nikasema: salamu ya leo inatoka kwa Bibi Evarista wa Igawa, mwenye jogoo asiyewika. Anawasalimu wote wanaomfahamu. Kisha anawaambia ndugu wa Mbalizi waache kuringa na viazi vyao, kwa sababu kiazi hata ukikichonga vipi hakiwi mchele.

Devota kaangalia simu. Kaniangalia mimi. Kaangalia simu tena.

Wimbo haujafika katikati, meseji zikaanza! Mbalizi wamewaka! Mmoja kauliza huyo bibi ni nani na ana meno mangapi. Mwingine kasema wali bila kiazi ni chakula cha wagonjwa. Wa Mafinga kamtetea bibi. Wa Makambako kamsalimu jogoo.

Kamsalimu jogoo! Mimi nina akili, jamani.

Tukatoka, Devota kauliza meseji ya bibi niliipatia wapi. Nikamwambia ilikuja kwenye simu yangu. Kasema ndaga, yaani asante kwa kwao, lakini simu yako ina ufa na haina chaji tangu asubuhi. Wanyakyusa wanachungulia sana.


Ijumaa, 7 Juni

Simu ya studio imepata moto mpaka Devota kaiwekea feni. Ndani ya baridi hii!

Bibi Evarista leo kasema jogoo wake ameshawika mara moja tangu azaliwe, siku niliyopiga wimbo wa kwaya. Watu wanaomba wimbo ule ule ili wasikie kama atawika tena. Nimeupiga. Baada ya wimbo nikatangaza: bibi anasema amefungua kinywa, hajatoa sauti. Huko nje, bodaboda wa getini wamepiga makofi. Nimewasikia kwa masikio yangu.


Jumanne, 11 Juni

Sasa wameamka wenyewe. Wenye salamu zao.

Kuna Samwel wa Mbalizi, anajiita Gunia la Viazi, mwenyekiti wa umoja wa watuma salamu wa kule. Na kuna mama Apolonia wa hapa hapa Mlandege, mwenyekiti wa umoja wa Iringa, anajiita Ulanzi Mtamu ingawa ni mlokole na hanywi. Hawa watu si mchezo. Wana sare. Wana katibu. Wengine hawajawahi kuonana hata kwa picha, wanajuana kwa redio tu, lakini mwenzao akioa wanakwenda, akifiwa wanakwenda, wanalia kuliko wafiwa wenyewe. Walikuwa wamehamia redio nyingine. Bibi Evarista kawarudisha.

Apolonia katuma meseji: Bibi Evarista ni wa kwetu Iringa, maana lafudhi yake ni ya Kihehe.

Lafudhi! Ya meseji!

Samwel kajibu hewani, kwa simu, anakoroma kama Fuso inapanda mlima: bibi ni wa Mbeya, Igawa ipo Mbarali, na Mbarali ipo Mbeya, kama mna ramani fungueni. Nikamwambia Gunia, punguza hasira utachipua. Watu wamecheka mkoa mzima. Mikoa miwili.


Jumapili, 16 Juni

Ibada imeisha, akina mama wamesimama nje ya kanisa, wanamjadili Bibi Evarista. Mama yangu mzazi, mama Damari, kawaambia anamfahamu sana. Eti walipata kipaimara pamoja, ni mweupe, mfupi, alikuwa anapenda kusukumana kwenye foleni.

Nimemvuta pembeni. Mama, una uhakika? Kanijibu, "Wewe Aroni ulikuwa umezaliwa? Evarista namfahamu kabla baba yako hajajua kuvaa viatu."

Nimerudi nyumbani nimekaa kitandani nikajiuliza kama kweli nilimtunga.


Alhamisi, 20 Juni

Asubuhi – utukufu! Madam Faustina kaniita ofisini, kanipa chai. Kasema mkuu wa chuo mwenyewe anasikiliza salamu akiwa kwenye gari na alimkatisha mgeni wake aliyekuwa anaongea. Kipindi changu kinabaki. Dokta Saulo atapewa saa ya alfajiri, aongee na udongo ukiwa bado umelala. Nimetoka pale natembea kama nimewekewa springi.

Jioni – balaa. Apolonia na Samwel wamepatana! Wamepiga simu hewani, mmoja huku mwingine kule, wakatangaza: kwa kuwa Bibi Evarista anawagombanisha kila siku, na kwa kuwa Igawa ni katikati ya njia, Jumamosi tarehe 29 umoja wa Iringa na umoja wa Mbalizi watakutana nyumbani kwa bibi. Wampike wali na viazi kwenye sufuria moja, yaishe. "Mtangazaji, tupe namba ya bibi tumjulishe."

Nikasema mitambo ina tatizo. Nikapiga wimbo. Nikapiga mwingine. Nikamaliza kipindi kwa nyimbo.

Devota kaingia, kafunga mlango. Kasema, "Sasa, baba mzazi wa Bibi Evarista, unafanyaje?"

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Kwa nini hakusema? Kasema na yeye alikuwa anataka kujua jogoo atawika lini.


Ijumaa, 21 Juni

Devota kashauri nimsafirishe. Nikamsafirisha. Nimetangaza Bibi Evarista kaenda kuwaona wajukuu Sumbawanga.

Samwel kajibu: Kosta tumeshakodi, itafika mpaka Sumbawanga.

Nikamrudisha haraka. Nikasema amerudi ila kifua kimembana, haonani na wageni.

Kosa! Kosa kubwa! Kufika saa ya kufunga kipindi, getini kuna asali, kuna tangawizi, kuna majani ya mkaratusi gunia zima, kuna bibi mmoja wa Kihehe na blanketi analolia nalo. Mlinzi kauliza mgonjwa kalazwa chumba gani. Mama yangu katuma uji kwenye chupa. Uji wenyewe hajawahi kunipikia mimi.

Nimeunywa. Ni mtamu.


Jumatatu, 24 Juni

Nimemuua.

Nilifikiri Jumamosi yote na Jumapili yote. Njia ni hiyo tu. Mtu akishakufa hakuna wa kumtembelea kupika viazi. Safari inavunjika, watu wanalia siku mbili, kipindi kinaendelea na waliobaki. Devota kasema hiyo ni akili ya kidato cha pili. Nikamwambia wewe una digrii ya wivu.

Lakini nilivyoisoma ile taarifa! Nikashusha sauti mpaka sakafuni. Nikaweka wimbo wa maombolezo kwa chini, kwa mbali. Nikasema mwendazake aliniomba niwaambie ndugu wa Mbalizi kwamba viazi alikuwa anavila kwa siri. Madam Faustina alikuwa korido, kalia mpaka kaegemea ukuta. Devota, anayejua kila kitu, machozi yakamdondokea kwenye mikisa. Hata mimi, mwenye marehemu, nilijifuta macho kwa karatasi ya salamu.

Hakuna mtangazaji wa digrii anaweza kuua hivyo.


Jumatano, 26 Juni

Nimekwisha.

Nilisahau hao watu ni wa aina gani. Watuma salamu hawasusi msiba! Wao safari ya kula wanaweza kuivunja, ya kuzika hawaivunji hata daraja likatike. Kosta ya Mbalizi ipo pale pale. Ya Iringa imeongezwa ya pili. Apolonia kanunua sanda, kaileta mpaka studio niishike, nione ilivyo nzito. Samwel kajitolea kuwa mtani wa msiba: atalala ndani ya kaburi, atagoma kutoka mpaka Wairinga wakiri hewani kwamba kiazi ni mfalme. Kashaanza kufanya mazoezi ya kulala.

Na Madam Faustina! Anataka tutangaze laivu kutoka Igawa. Gari la chuo, mitambo, Devota, na mimi kwenye maiki. Kasema hii ndiyo redio ya jamii anayoifundisha darasani miaka yote. Kanishika bega. Kasema mkuu wa chuo atasikiliza, na baada ya hapo nafasi yangu haitakuwa tena ya kujitolea, nitakuwa mtangazaji kamili. Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka kama wa yule jogoo. Hakuna sauti.

Apolonia kauliza nyumba ya marehemu iko upande gani wa Igawa. Nikasema ndani. Kauliza ndani wapi. Nikasema ndani kabisa.


Jumamosi, 29 Juni

Naandika garini. Gari linaruka, mwandiko wangu unaonekana wa daktari.

Mpango wangu ulikuwa hivi: Makambako tunashuka kujisaidia, mimi napotea sokoni, naanza maisha mapya ya kuuza miwa. Tumefika, nikashuka, nikaanza kupotea. Mama Apolonia kanifuata na kitenge. Kasema mtoto amefiwa, asiachwe peke yake. Akashika kitenge kunikinga huku akinigeuzia mgongo na kuimba tenzi. Mwanaume nimekojoa kwa sauti ya pili ya kwaya. Nikarudishwa garini nimeshikwa mkono.

Devota anacheka mpaka anapumua kwa shida. Kasema nisiogope, tukifika tutauliza, wenyeji watasema hawamjui, mimi nitasema labda ndugu walimzika kwao. Ni wazo zuri. Nitasema lilikuwa la kwangu.

–

Igawa. Joto! Huku si kama Iringa, nimevua koti. Malori pande zote mbili za lami, wauza mchele wamepanga madebe barabarani. Kosta ya Mbalizi imetangulia. Samwel kumbe ni mtu mwembamba kama fimbo ya kufagilia buibui, hilo Gunia la Viazi sijui liko wapi. Kavaa magunia kabisa, kwa ajili ya utani, na jembe begani.

Watu wote wameshuka wanalia kwa pamoja. Madereva wa malori wamevua kofia. Samwel kaenda kwa muuza mchele wa kwanza, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano, kamuuliza kwa heshima: "Mama, shikamoo. Msiba wa Bibi Evarista uko wapi?"

Mama kasimama. Kashika kiuno.

"Msiba wa nani?"

"Bibi Evarista. Mwenye jogoo asiyewika."

"Bibi Evarista ni mimi!"

Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Ndugu zangu – hapana, hakuna ndugu anayesoma hapa – miguu yangu iliondoka kwanza, mimi nikabaki. Samwel kapiga yowe, jembe huko, yeye chini ya lori. Apolonia kaitupa sanda ikaangukia dereva, dereva naye kakimbia na sanda kichwani, watu wakakimbia zaidi. Mwinjilisti mmoja wa Mafinga kakemea pepo kwa lugha ambayo nadhani hata yeye haijui.

Mama anapiga kelele juu yao wote: nani kaniua? Nani kaniua? Tangu Jumatatu watu wananiangalia kama nimetoka makaburini, wateja wanaacha chenji wanakimbia! Na jogoo yupo, huyu hapa! Kweli kuna jogoo, kafungwa mguu kwenye debe. Amenyamaza.

Mimi nilimtunga huyu mtu. Nilimtunga Jumatano, saa ya kipindi, kwa sababu simu ilikuwa kimya. Namkumbuka kabla hajawa na kilemba.

–

Wameacha kukimbia. Sasa wanashangilia. Amefufuka! Apolonia kamkumbatia, analia tena kwa machozi ya aina nyingine. Samwel katoka chini ya lori na mafuta usoni, kampigia magoti. Mchele wake wote umenunuliwa, na wa jirani yake pia. Madam Faustina anasema hii ni historia, Devota washa mitambo, tunaingia laivu baada ya wimbo huu.

Mama kaniita nyuma ya madebe. Kanitazama kuanzia viatu.

Nikamwamkia. Kaitikia marahaba, kisha kasema taratibu: "Mimi naitwa Anjela."

Nikamtazama jogoo.

"Mwezi huu kila gari linalosimama linauliza, wewe ndiye Evarista wa redioni? Siku ya kwanza nikasema siye. Wakaenda kununua kwa jirani. Siku ya pili nikasema ndiye. Mchele ukaisha kabla ya mchana. Nikanunua na jogoo. Sasa wewe mtoto, umeniumba vizuri, umenipa wateja, halafu unaniua bila hata kunijulisha?"

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia sikujua kama yupo.

"Na mimi sikujua," kasema. "Ila sasa nipo."

Kasema Madam ameshamwuliza mara mbili nani aliyeleta taarifa ya kifo. Kasema anaweza kujibu kwamba alizimia, majirani wakadhani amekwenda, kosa si la mtu. Anaweza pia kujibu ukweli. Ya kwanza ina sharti.

Nikamwambia sema, mama, chochote. Nitakupigia debe la mchele kila siku hewani.

"Debe nitajipigia mwenyewe," kasema. "Nataka hicho kiti chako cha utangazaji. Nina sauti, nina watu, na hawa wote wamekuja kwa ajili yangu, hawajaja kwa ajili yako. Wewe utakuwa unanisaidia kupokea simu."

Nikacheka. Hakucheka.

–

Wimbo ni mrefu, ashukuriwe aliyeutunga. Naandika nimechuchumaa nyuma ya gari la chuo. Madam Faustina yuko pale mezani na mama Anjela – Evarista – sijui nimwite nani. Anamwambia kitu, mama anajibu, Madam anacheka huku amejishika mbavu. Mimi hajawahi kunicheka hivyo. Namsikia akisema sauti hii, Aroni, umesikia sauti hii? Tulikuwa tunaitafuta wapi? Kamvalisha hedfoni zangu. Kilemba kimezizidi, wamezipanua. Kakaa kwenye kiti changu. Kiti kimemkubali!

Devota kaniashiria vidole vitatu, yaani dakika tatu tuingie hewani. Hacheki tena. Nadhani ananihurumia, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Watu wamekaa chini kwenye turubai la msiba, wanamtazama yeye. Samwel kazima hadi simu yake.

Nimesogea mezani. Vidole viwili. Mama Anjela anaigeuza maiki huku na huku, haijawaka. Hii maiki ya nje ina swichi ndogo chini, imefichwa na plasta, anayeijua ni Devota na mimi. Devota yuko mbali na waya zake.

Kainua macho. Sauti tamu kabisa, kama ya mtu mnayesali naye kanisa moja: "Mwanangu Aroni, hii inawashwa wapi?"

Kidole kimoja. Mkono wangu mmoja unaandika, mwingine uko juu ya plasta, na